Hedifoni za Mpiga Besi wa Sofu

Anselmi, karani wa masjala, alikuwa mkazi wa mtaa wa Sofu kwa miaka kumi na tisa, na jioni zake zilikuwa za gitaa la besi. Alilipiga kwenye kwaya ya kanisani tangu spika zikiwa za kuazima. Mwezi ule gitaa likanyamaza. Mama mwenye nyumba, Bi Mwanakheri, alifiwa na mumewe akaingia eda, na chumba chake kilipakana ukuta na cha Anselmi. Besi haijui ukuta. Hata ukiipunguza, bati linaitikia. Hakuna aliyemkataza, lakini mtu mzima hangoji kuambiwa.

Sasa kwaya ilikuwa imealikwa Msimbu, kule Kisarawe, Jumapili ya tatu, na wimbo mpya. Justa, mwalimu wa kwaya, hakumficha: "Baba Aneth, ukishindwa, sehemu yako itapigwa na kinanda." Kwa Anselmi hiyo ilikuwa sawa na kuzikwa huku anatazama.

Akaenda Kongowe, kwenye duka la spika na hedifoni la kijana Twalibu.

"Nataka hedifoni za besi."

"Za besi? Mzee wangu, umefika!" Twalibu akamvika madude mazito, akamwekea muziki wa kwenye simu. Mdundo ukagonga mpaka kwenye meno. Anselmi akalipa huku anacheka.

Wiki nzima alijiona mfalme. Akigusa uzi, ngurumo masikioni mwake peke yake. Siku ya mazoezi Justa akaisimamisha kwaya mara tatu.

"Baba Aneth, unagusa nyuzi mbili kwa mpigo. Husikii?"

Hakusikia, kweli. Ile ngurumo ilikuwa imefunika makosa yake kama mchuzi mwingi unavyofunika wali wenye kiini.

Kesho yake akarudi dukani, safari hii na gitaa lake na spika ndogo ya mazoezi.

"Umenipa za besi."

"Si ndizo ulizotaka, mzee?"

"Besi ni mimi, mwanangu. Hizi ni za msikilizaji. Mimi nataka za kunisema."

Twalibu akatoa zisizo na waya. Anselmi akavuta uzi, akangoja. "Navuta leo, sauti inafika kesho. Rudisha."

Chini kabisa ya rafu kulikuwa na nyingine, za waya, za kufunika sikio zima.

"Hizo wateja wanazikimbia. Kavu, hazina mdundo."

Anselmi akazivaa, akapiga ubeti wa pili. Akakunja uso. Uzi wa jirani ulilia, kidole cha tatu kilichelewa. Kila kitu kilikuwa nje kama nguo za ndani kwenye kamba.

"Mbaya, eeh?"

"Mbaya kabisa. Tubadilishane, nifungie hizi."

Siku kumi zilizobaki aliyatoa makosa yale moja moja, na Bi Mwanakheri hakusikia kitu ila tasbihi yake. Jumamosi, Justa aliusikiliza wimbo mpaka mwisho bila kuinua mkono. Kisha akamgeukia mpiga kinanda.

"Wewe kesho piga sehemu yako tu."