Vyuma vya Ubavuni

Pikipiki mume wangu aliinunua kwa Mzungu mmoja wa Shelly Beach aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Miaka ile Uhuru ulikuwa unanukia, na wengi wao waliuza vitu vyao haraka haraka: makabati, vitanda, hata mbwa. Mume wangu alikuwa karani bandarini, na macho yake yaliona pikipiki tu. Ilikuwa kubwa, ya safari za mbali, tangi jeusi na kiti kirefu, na upande wa kushoto ilikuwa na mkwaruzo uliotoka kwenye tangi mpaka nyuma. Mzungu alisema ilianguka uani, basi. Nikauliza ni ua gani huo wenye kokoto za kuchuna chuma namna ile. Mume wangu akaniambia nisitafute nuksi kwenye neema.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mtu haizalii kwa mumewe. Ikifika mwezi wa saba hurudi kwa mamake. Mama yangu alikuwa Gazi. Basi la Gazi lilikuwapo, limejaa vumbi na kuku, nami ningelipanda bila neno. Lakini mume wangu alishaamua kunipeleka mwenyewe, wakwe zake wamwone anavyoingia mjini. "Basi litakutikisa," aliniambia, kana kwamba pikipiki ni kitanda cha kamba. Niliogopa tangu siku ile. Sikujiogopea mimi, nilimwogopea aliye tumboni, ambaye hakuulizwa anapenda chombo gani.

Nadhani na yeye aliingiwa na hofu kidogo, kwa sababu ndipo alipoanza habari ya vyuma vya kuikinga pikipiki ikianguka. Kila jioni ilikuwa vyuma. Dukani kisiwani, ng'ambo ya feri, aliona vya kung'aa, vyembamba, vimepindwa vizuri mbele ya injini. Akavisifu, kisha akarudi akisema vile ni pambo la arusi. Rafiki yake akamwambia achukue bamba la kukinga tumbo la injini lisipigwe na mawe. Mwisho akakata shauri: vyuma vinne vya paipu nene ya maji, viwili mbele kwa ajili ya magoti na injini, viwili nyuma kwa ajili ya ubavu wa pikipiki.

"Ajali haina kinga," nikamwambia.

"Haikuwa nayo," akacheka. "Sasa itakuwa nayo."

Fundi alikuwa hapa hapa Likoni, kando ya barabara ya feri. Mbele palikuwa karakana yake, nyuma nyumba yake, na katikati ua wa makuti. Mume wangu alinichukua nikaone kazi, lakini karakana ilijaa wanaume, kwa hiyo nikapelekwa nyuma kwa mke wa fundi. Tukakaa kwenye jamvi tukichambua mchicha, na kila nyundo ilipolia upande wa pili, mtoto aliruka tumboni.

Kupitia makuti nilimwona mume wangu amepanda, miguu huku na huku, fundi amechuchumaa akimpima goti kwa kamba. Walimpima vizuri, wallahi. Walimwinamisha, wakamnyoosha, wakamwambia akanyage breki. Chuma cha mbele kilipogusa ncha ya kiatu, wakakifungua na kukipinda upya. Mtu angedhani wanamshonea kanzu ya Idi.

Mke wa fundi aliacha mchicha. "Nawe, mwanangu, utakaa vipi?"

"Upande," nikasema. Mwanamke wa heshima aliyevaa buibui alikaa upande, miguu yote miwili kushoto. Hapakuwa na namna nyingine.

Akayasogelea makuti akamwita mumewe. "Umempima huyu muke? Miguu yake itakanyaga wapi?"

Fundi akajibu bila kugeuka. "Nitampima vipi mbele ya watu?"

Wanaume walicheka kidogo, na mume wangu akasema, "Astaghfirullah, mama! Mke wangu nimpandishe hapa watu wamtazame?" Alikasirika kweli, kwa kunionea wivu. Basi hakuna aliyenipima. Kifundo cha chuma cha nyuma kilihitaji kufungwa pale pale palipokuwa na kikanyagio cha abiria, fundi akakifungua kikanyagio, akafunga chuma kwa boliti mbili. Nilikiona kile kikanyagio kikitupwa kwenye vyuma chakavu.

"Ataweka miguu juu ya chuma," fundi akasema. "Ni kinene, kitamfaa."

Mke wa fundi aliniambia polepole, "Ndia ya Gazi ina mchanga. Mwambie akupandishe basi."

Nilimwambia njiani, nikamwambia tena tukila. Alinijibu kwamba pikipiki sasa haiwezi kulala chini hata ikitaka. Hilo lilikuwa kweli.

Tuliondoka asubuhi na mapema. Miguu yangu ilikuwa juu ya ile paipu, imetokeza nje kuliko kitu chochote kingine, na kila tulipopishana na lori niliivuta ndani. Mume wangu alikuwa akiimba. Kabla ya vyuma alikuwa akiendesha kwa adabu, sasa alikimbia. Nilimgonga mgongoni, akadhani namsifu. Tulipopita Ukunda palikuwa na kona ambapo mchanga umejazana, na gurudumu la mbele likateleza kushoto.

Vyuma vilifanya kazi. Pikipiki iliegemea vyuma vyake ikabaki juu juu, na mume wangu yuko kitini, goti lake ndani, hata kilemba hakikumvuka kichwani. Mimi chuma kilinitupa. Miguu yangu ndiyo iliyofika chini kwanza, kisha tumbo.

Wanawake wa nyumba za jirani wakanibeba ndani, wakafunga mlango. Nje niliwasikia wanaume wakiinyanyua pikipiki, wakigonga vyuma. "Mashallah! Havikupinda hata kidogo. Nani aliyevifunga?" Na mume wangu akawaeleza, fundi ni nani, paipu ni ya unene gani. Alikuwa hajui bado. Nilitamani mtu afungue mlango amwambie anyamaze.

Mama yangu aliletwa kutoka Gazi. Mtoto alizaliwa mikononi mwake, kama ilivyotakiwa, ila hakulia. Alikuwa mwanamume. Walimzika jioni ile ile, na mume wangu alikaa kaburini mpaka wakaenda kumchukua.

Hakuwa mtu mbaya. Alilia kuliko mimi. Lakini miaka ikapita, na binadamu hupenda kisa chenye mwisho mwema. Siku moja akiwa barazani na wageni, habari ikawa ya barabara na ajali, nikamsikia anasimulia ile kona ya Ukunda. "Na vile vyuma, jamaa zangu," akasema, "vilituokoa sote."

Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa mikononi.

"Sote wangapi, bwana?" nikamwuliza.