Lenzi ya Kiwandani na Kupe wa Kenyamonta

Lenzi ile niliipata Sirari, mpakani, kwa muuza vyuma chakavu, chini ya rundo la pampu na beringi zenye kutu. Nilikuwa nimeenda kununua karatasi za kuchapia picha za paspoti kwa ajili ya studio yangu ya Mugumu.

"Madam, hiyo ilitoka kiwanda ya soda," aliniambia kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, cha Kenya. "Ilikuwa inaangalia chupa kama iko na ufa. Hiyo ni glasi original."

Haikuwa na mahali pa kuifunga kwenye kamera, wala pete ya kuzungusha ili picha itulie. Nilipoichungulia niliona utando wa kuvu, na katikati ya vioo mende aliyekauka. Niliinunua hivyo hivyo.

Kuisafisha kulinikatisha tamaa. Mende alitoka vipande vipande, mguu, bawa, kichwa, na grisi ya zamani ilinuka kama samaki aliyesahaulika kwenye mfuko. Nilifuta kwa pamba na spiriti mpaka kuvu ikaisha. Kisha nilitoboa kifuniko cha plastiki kinachoziba kamera mahali pa lenzi, nikagundisha kipande cha bomba la maji, na fundi wa kuchonga vyuma akanitengenezea pete ya kushika lenzi mbele. Ndani ya bomba nilipaka rangi nyeusi ili mwanga usirukeruke. Ili kupata picha safi ilibidi nisogeze kamera nzima, mbele au nyuma, kwa unene wa ukucha tu. Ukipumua, imeharibika.

Picha ya kwanza ilikuwa ya nzi kwenye sukari. Nilimwona akitema maji yake juu ya chembe, kisha akiyafyonza tena. Chai yangu niliimwaga nje.

Wiki hiyo hiyo mama alinipigia simu kutoka Kenyamonta. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ingawa kila Jumatatu walipelekwa joshoni kuogeshwa dawa ya kupe.

"Watu wanamsema jirani yetu," alisema. "Yule mjane. Eti ana jicho baya."

Nilimwambia tu kwamba nitakuja.

Jumatatu nilisimama kando ya josho, ng'ombe wakitumbukia na kutoka wakitiririka maji. Aliyetunza dawa ya josho alikuwa kaka yangu mkubwa. Kesho yake asubuhi mama alinishikia ng'ombe wetu mwekundu nami nikamwingizia lenzi sikioni. Nilitarajia kupe waliokufa. Nilichokiona ni makundi ya matumbo ya kijivu, yamevimba mpaka ngozi inang'aa, miguu ikipapasa, midomo imezama ndani ya nyama iliyotoa usaha. Nilitapika kando ya zizi.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Piga picha umalize."

Mmoja aliyeshiba alidondoka, nikamweka kwenye chupa ya jamu. Nilibaki kwa mama wiki nzima. Jumapili kupe yule alikuwa ametaga. Mayai ya kahawia, yanateleza, mamia kwa mamia, yakimtoka chini ya kichwa na kulundikana mgongoni mwake. Nilipiga picha nikiwa nimebana pua, ingawa hapakuwa na harufu yoyote.

Nilimwonyesha afisa mifugo picha zile. Aliangalia kioo cha kamera kwa muda mrefu.

"Huyu alipita joshoni?"

"Jumatatu. Nilikuwepo."

"Basi ama kupe wameizoea dawa, ama mnaogesha kwa maji matupu. Anayejua ni mwenye kuitia."

Nilikwenda kwa kaka mchana. Alikuwa anakula ugali na nyama. Nilimsalimia shikamoo, akaitika, nikaweka kamera mbele yake.

"Ondoa uchafu huo kwenye chakula changu," alisema.

"Kaka, huyu alipita kwenye josho lako."

Alitafuna polepole, akameza.

"Nilipunguza kidogo tu. Kuna jamaa wa kijiji cha pili walikuwa na shida ya dawa."

"Uliwapa au uliwauzia?"

Alichovya tonge kwenye mchuzi.

"Na yule mjane?" niliuliza. "Ulisikia wanavyomsema, ukanyamaza?"

"Watu husema tu, watachoka," alisema, akilamba mchuzi kwenye vidole, kimoja baada ya kingine. "Futa hizo picha. Mimi ni kaka yako."

Nilivitazama vile vidole, vikanichukiza kuliko kupe wa zizini, nikachukua kamera yangu. Kupe hajui anachofanya.

Picha nilizichapa kubwa kuliko zote nilizowahi kuchapa, nikazipeleka kwenye mkutano wa wafugaji. Zilipozungushwa, wanaume walirudi nyuma, mzee mmoja akatema mate. Nilisema jinsi kupe yule alivyopatikana. Kaka aliinuka, akasema dawa ilikuwa nyepesi, akaweka ufunguo wa stoo mezani na kuondoka. Walibaki kubishana nani atashika ufunguo. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mjane.

Nilikwenda kwake mwenyewe na zile picha. Alizipokea mlangoni, akaziangalia moja moja bila kukunja uso, kisha akanirudishia.

"Kwa hiyo mlihitaji kumwona mdudu ndipo mniamini mimi?"

Nilitaka kusema kwamba mimi sikuwahi kuamini maneno yale. Lakini mama aliponiambia kwenye simu sikuyakataa, na mjane alikuwa amenikazia macho, akisubiri. Nilisema, "Samahani, mama." Alifunga mlango taratibu.

Josho sasa linatiwa dawa mbele ya watu watatu, na ng'ombe mwekundu ana ndama. Na kaka tunasalimiana kanisani. Mwaliko wa chakula nyumbani kwake umekuja mara mbili, na mara zote mbili nimesema nimeshiba.