Nilivyofuta Nyimbo za Kwaya Kihesa

Duka la Bwana Harshad, fundi redio wa Iringa mjini, lilinukia risasi iliyoyeyushwa, vumbi la redio kuukuu na udi ambao mkewe aliuchoma kila asubuhi mbele ya picha za miungu yao. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama mdogo Yustina, mdogo wake mama yangu, alikuwa amenituma kutoka Kihesa kupeleka redio kaseti ya kwaya, yenye deki mbili, ambayo ilikuwa imeanza kutafuna kanda. Nilikaa kwenye benchi nikijikunyata, maana upepo wa mwezi wa saba wa Iringa hupenya hata sweta la sufu. Bwana Harshad alipomaliza kufunga skrubu, alipapasa boksi lililokuwa miguuni pake, akatoa kanda ya kwanza iliyomjia mkononi, akaitia ndani kuijaribu redio. Hivyo ndivyo nilivyosikia muziki wa hevi metali kwa mara ya kwanza.

Magitaa yalikwaruza kama bati linaloburutwa barabarani, ngoma zikaenda mbio, na mwanamume akafoka kwa Kiingereza ambacho nilikielewa maneno mawili matatu tu. Nyumbani kwetu Iyunga, Mbeya, tulikaa jirani na reli, ambako baba alifanya kazi, na nilikuwa nimekua nikisikia mabehewa yakiunganishwa, chuma kwa chuma. Kelele ile haikunitisha. Ilinikaa vizuri kifuani. Bwana Harshad alinyoosha kidole aizime.

"Za mwanangu hizi," alisema. "Alikwenda Ulaya kusoma, akaniachia boksi zima. Fujo tupu."

"Naomba usizime, babu."

Alinitazama juu ya miwani, akaiacha mpaka upande mzima ukaisha. Kisha akaniazima ile kanda, kwa sharti kwamba niirudishe Jumamosi.

Kihesa nilikuwa nimeletwa mwezi wa nne. Baba alinipandisha basi akaniambia mama amelazwa ili apumzike. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami nilipewa langu: kuchota maji, kumenya viazi, kufua majoho ya kwaya ambayo mama mdogo aliifundisha. Sikuchukia kazi. Nilichochukia ni barua za baba. Zilipofika, mama mdogo aliingia nazo chumbani akafunga mlango, kisha akatoka macho mekundu na kuniambia, "Mama yako anaendelea vizuri." Wageni walipokuja walisalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, halafu wakiniona wanashusha sauti. Usilolijua ni sawa na usiku wa giza, nami nilikuwa nikiishi ndani ya giza hilo mchana kweupe, huku nikisifiwa kuwa mtoto mtulivu asiyesumbua mtu.

Ijumaa mama mdogo alikwenda Kilolo kumjulia hali bibi. Nilibaki na redio iliyotengenezwa, kanda ya kuazima na siku moja mbele yangu. Nilitafuta kanda tupu ya kunakili, sikupata. Kwenye droo ilikuwapo moja iliyoandikwa kwa mwandiko wa mama mdogo: nyimbo sita mpya za kwaya, walizorekodi kanisani kwa majuma mawili ili zipelekwe kwenye mashindano. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilikosea kanda. Sikukosea. Niliisoma ile karatasi mara mbili, nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodia kwa pamoja, nikakaa sakafuni kusikiliza mpaka mwisho. Jumamosi nilirudisha ya Bwana Harshad.

Jumapili baada ya ibada wazee wa kanisa walikuja sebuleni kusikiliza nyimbo kabla hazijatumwa. Mama mdogo aliwapa chai na maandazi, akaweka kanda, akabonyeza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Nakumbuka jinsi alivyogeuza kitufe cha sauti kwanza kulia, kwa kukosea, ndipo akakipata cha kuzimia. Mzee Kihwele, aliyekuwa kiongozi wao, aliweka kikombe chini taratibu.

"Yustina," alisema, "debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili si debe. Hili ni pepo. Mtoto aombewe, na hiyo kanda ichomwe. Na wewe utueleze kama bado unaiweza kwaya."

Mama mdogo aliomba radhi, akanishika mkono mpaka jikoni, nyuma ya nyumba. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Aliniita tu kwa jina langu, akauliza, "Tumpe, kwa nini?"

Nilikuwa na majibu ya uongo tayari, lakini lililonitoka ni swali. "Mama amekufa?"

Aliketi juu ya gunia la mkaa, na gauni lake jeupe la kanisani. "Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna anayeniambia kitu."

Alifuta mikono yake ambayo haikuwa na maji. "Hajafa," alisema hatimaye. "Lakini anaumwa sana, mwanangu. Madaktari hawana matumaini. Baba yako hakutaka uteseke."

Nikamwambia nilikuwa nateseka tangu mwezi wa nne. Akainuka, nguo imechafuka nyuma, akarudi sebuleni vilevile. Nilimsikia akiwaambia wazee kwamba maombi yatangoja, kwa sababu kesho asubuhi ananipeleka Mbeya kwa mama yangu. Mzee Kihwele akauliza, na mashindano je? "Nyimbo tutaziimba tena, mzee," alimjibu.

Hospitalini Mbeya, mama alikuwa amekonda kiasi kwamba pete ilikuwa imefungwa kwa uzi kidoleni. Alinitambua mara moja, akauliza ni nani aliyenisuka vibaya namna ile. Nilimsimulia habari ya kanda yote, bila kuficha. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akataka nimwigie yule mwanamume alivyoimba. Nikafoka kidogo, kwa sauti ya chini, na muuguzi akaja mbio akidhani kuna aliyezidiwa. Baba hakunirudisha tena Iringa kuishi. Nilimwona mama karibu kila siku, mpaka alipofariki kabla ya mvua za kwanza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwangu kilio kilikuja nikiwa tayari nimeshaaga.

Kwaya ilirekodi upya na haikushinda. Mama mdogo aliendelea kuifundisha, na likizo iliyofuata, nilipokwenda kumtembelea, alinisimamisha mbele ya wanakwaya wote niwaombe radhi, mmoja mmoja. Mzee Kihwele aliniombea mara mbili. Muziki haukunitoka.

Leo nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Mbeya. Tuko wachache tunaoupenda muziki huu: mimi, dereva mmoja wa malori na daktari wa meno, na Jumamosi tukikutana na fulana zetu nyeusi watu huuliza tumefiwa na nani. Zamani nilikuwa na nyimbo tisa za kanda ile kichwani na nilijua kila pigo la ngoma; sasa simu yangu ina maelfu, na mara nyingi naruka wimbo kabla haujafika katikati. Kwa hilo, yule mtoto niliyekuwa ananishinda. Lakini mwaka jana mume wangu alipoambiwa anahitaji upasuaji wa moyo, shemeji zangu walishauri watoto wasiambiwe mpaka mambo yatulie. Niliwaita wote watatu mezani jioni ileile, nikawaeleza ugonjwa ni upi na daktari amesema nini. Mdogo wao, mwenye miaka tisa, akauliza, "Baba atakufa?"

"Sijui," nilimjibu. "Kesho saa nne tunakwenda wote kumwona daktari. Mwulize lolote unalotaka."