Jina Ambalo Mama Hakulitamka

Harufu ya mahamri yenye iliki hunirudisha Bondeni, kwenye nyumba yetu, mwaka ule kabla sijaanza shule. Bibi mzaa baba aliitwa Riziki, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa, nyumba ikiwa haina kitu ila yeye. Nami nikapewa jina lake. Mamangu hakulitamka. Kwetu mke halitaji jina la mavyaa wake, na mtoto akilirithi, heshima humfuata mtoto. Kwa hiyo mama aliniita Bibi. Bibi njoo ule, Bibi vaa viatu, Bibi nitakuchapa. Majirani walimtania kwamba ndiye mke pekee mtaani anayetishia kumchapa mavyaa wake.

Asubuhi moja niliponyoka mlangoni nikimfuata paka. Mkokoteni wa maji ulikuwa ukiteremka kwa kasi, mwenyewe ameshindwa kuuzuia. Mama aliita Bibi, Bibi, wala sikugeuka. Nilikuwa nikiitwa hivyo kutwa. Ndipo akapaza sauti: "Riziki!"

Niliganda. Mkokoteni ukapita mbele ya pua yangu. Na juu dirishani bibi akaitika, kwa adabu ya msichana aliyeitwa na mkubwa wake: "Labeka, mama."

Mama alijifunika uso kwa leso akalia kwa haya. Bibi akashuka ngazi na magoti yake mabovu, akamshika mkono. "Usilie, mwanangu. Lilikuwa limekaa bure tu. Leo limefanya kazi." Sijaona tena adabu kama ya wanawake wale wawili.

Sasa naishi Tudor, na juzi, kabla ya siku ya saba ya binti yangu, nilitaka apewe jina la mavyaa wangu, aliyezaliwa Alhamisi. Wifi zangu wakakataa. Jina la kizee, walisema, shuleni atachekwa. Wakatoa lao kwenye simu, ambalo hata maana yake hawaijui. Jina la mama yao mzazi wanalionea haya! Naye amekaa palepale, anakunja nepi ambayo alikwisha kuikunja.

"Nimezaa mimi," nikasema. "Ni Mwanahamisi."

Nilikuwa nimelitaja mbele yake. Mavyaa hakuinua uso.

"Labeka, mama," akaitika.

Mamangu alihitaji mkokoteni ndipo athubutu. Mimi wifi wawili walitosha. Tangu hapo sijalitamka tena. Mtoto namwita Bibi.