Mgeni Aliyemuulizia Hana

Sikuota, na sikuwa na homa siku ile. Naanza na hilo kwa sababu najua mtakachosema, na mimi ningelisikia kwa mwingine ningesema hivyo hivyo. Ilikuwa Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, jua bado kali. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, kibarazani pale Mwanga, hapa Kigoma, karibu na soko, mahali ambapo watu wanapita mpaka unachoka kuitikia salamu. Hakuna giza lililonidanganya. Nilimwona kama ninavyokuona wewe hapo ulipokaa.

Lakini huwezi kuelewa nilichofanya bila kumjua Hana kwanza.

Hana alizaliwa Katanga, huko Kongo. Baba yake alikuwa Mjapani aliyekuja kufanya kazi kwenye mgodi wa shaba, akaishi na mama yake nyumba moja kwa miaka kadhaa. Walikuwa wengi wanaume wa Kijapani kule, na wengi wao walizaa. Kazi ya mgodi ilipokwisha wakarudi kwao, watoto wakabaki na mama zao. Jina la Hana alilitoa baba. Mama Hana alikuwa akisema kwamba kwa lugha yao maana yake ni ua. Kwetu Kigoma, unajua mwenyewe, jina hilo ni shida. Ukisema "Naitwa Hana," watu wanauliza, "Hana nini?" Na vijana wa sokoni walishapata la kumalizia: hana baba.

Huyo baba aliandika barua. Zilikuwa zinakuja kwa anwani ya sanduku la posta la hukohuko walikokaa, moja kwa mwaka, wakati mwingine mbili. Halafu vita vikafika. Mama Hana alimchukua binti yake wakakimbilia Kalemie, wakapata boti ya mizigo, wakavuka ziwa, wakashuka Kibirizi. Barua zilibaki kwenye nyumba iliyochomwa, na ile anwani ikabaki haina mtu wa kuifungulia.

Mama yangu alikuwa anauza uji pale ufukweni. Aliwakuta wamekaa mchangani, binti amelala mapajani mwa mama yake ingawa alikuwa mkubwa wa miaka kumi na minane. Akawapa uji. Jioni akaja nao nyumbani kwetu Ujiji, akaniambia, "Hawa watakaa kwetu siku mbili tatu. Mpishe mwenzio kitandani."

Nilimpisha. Siku mbili tatu zikawa miaka. Mama Hana alifia kwetu na tukamzika sisi.

Sasa nikwambie ukweli ambao nimeuficha muda mrefu. Nilikuwa namwonea Hana wivu, na haukuwa wivu wa kupita. Mama akipakua chakula, Hana kwanza. Kitenge kizuri, Hana kwanza. Nikilalamika, mama ananijibu, "Mwenzio hana baba." Mimi nilikuwa na baba? Baba yangu aliishi Gungu. Ukipanda bodaboda unafika kabla hujamaliza kujifunga ushungi vizuri. Ana mke wake na watoto wake, na mimi hakunitaja kwa mtu hata siku moja. Aliwahi kuleta suruali kwangu kupunguza. Alisimama mbele yangu, akaniita "fundi", akaniambia nisichelewe, akaenda zake. Huyo ndiye baba niliyekuwa naye.

Baba wa Hana alikuwa mbali, kwa hiyo kila mtu alimkuza. Walisema ni mhandisi, ni tajiri, siku moja atakuja na ndege. Hana mwenyewe hakusema hayo. Yeye alisema jambo moja tu, tena polepole: "Ananitafuta. Tumehama tu, hajui tulipo." Miaka zaidi ya ishirini anasema maneno hayo hayo, na kila akiyasema nilimjibu kimoyomoyo. Mimi sikuhama. Wangu alijua nilipo.

Tulipokuwa watu wazima tuligawana kibaraza. Mimi nashona upande huu, yeye upande ule anauza wali wa kufinyanga. Mama yake alifundishwa na yule Mjapani: unachukua wali wa moto, unaubana kwa viganja vyenye chumvi mpaka unakuwa na pembe tatu, katikati unaweka kitu. Hana aliweka dagaa wa kukaanga. Watu wanaopanda treni na boti waliupenda kwa sababu haumwagiki. Walikuja wakimsalimia kwa jina, wakipita mbele ya cherehani yangu kama wanapita mbele ya ukuta.

Basi, Alhamisi ile Hana alikwenda Mwandiga kufuata mchele. Alinambia atarudi kabla jua halijashuka.

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikainua macho, mtu amesimama. Sikumwona akija. Kijana wa miaka thelathini hivi, amevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa ikapauka, viatu vizito vya kazi. Nywele nyeusi zimelala. Na uso, niamini, ulikuwa uso wa Hana umewekwa kwa mwanamume. Macho yale, na kidevu kile chenye shimo dogo.

"Jambo, mama," akasema.

"Jambo. Karibu."

"Niko natafuta mutoto yangu. Jina yake Hana."

Kiswahili cha Katanga kabisa, kile alichokuwa akisema Mama Hana. Kwamba alisema "mutoto yangu" sikulitilia maanani. Mtu wa miaka thelathini atakuwaje na mtoto wa miaka arobaini na kitu? Nilijua moja kwa moja: huyu ni ndugu yake, baba kamtuma, na Kiswahili kimempiga chenga, anataka kusema dada.

Unafikiri nilifurahi? Huyu ni Hana tuliyelala naye kitanda kimoja, niliyemshika mkono siku tulipomzika mama yake. Nilichofikiri ni hiki: kumbe ni kweli. Kumbe alikuwa anatafutwa kweli. Atapata baba, atapata na kaka, ataondoka hapa na kuniacha na cherehani yangu na mzee wa Gungu anayeniita fundi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hana hakai hapa tena. Alirudi Kongo."

"Kongo?"

"Siku nyingi sana. Sijui upande gani."

Kibarazani kuna kigoda anachokalia Hana akiuza. Akakikalia, magoti juu kama mtu aliyekizoea. Nikampa maji kwa sababu mgeni ni mgeni. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni, akanirudishia.

"Na mama yake eko?"

"Alifariki. Yupo hapa, Ujiji, kaburi lake lipo."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu.

"Nani alimuchunga mutoto?"

"Mama yangu," nikasema. Kisha, sijui kwa nini, nikaongeza: "Na mimi."

Akanitazama. Nilipaswa kusema hapo. Alinipa muda wote wa kusema. Akauliza mara ya mwisho, kwa sauti ya chini:

"Una hakika, mama? Alirudi?"

"Nina hakika."

Akasimama. Akaweka mikono kwenye mapaja akainama, akainama sana mpaka nikaona kisogo chake, akakaa hivyo hivyo muda mrefu kuliko ninavyoweza kukaa bila kupumua. "Aksanti sana, mama. Mulimuchunga muzuri." Kisha akashuka ngazi, akaelekea upande wa barabara ya kwenda stesheni. Bodaboda ikapita mbele yangu, na ilipopita yeye hakuwepo.

Muuza vitenge wa kibaraza cha pili akanicheka. "Leo unaongea na cherehani? Au ndiyo umeanza kuzeeka?"

"Naongea na mgeni," nikamwambia.

"Mgeni gani?"

Nikatazama kikombe mkononi mwangu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, kama nilivyoyamimina. Nikayamwaga haraka kwenye mtaro. Nilijiambia hakuwa na kiu.

Hana alirudi na mchele wake, amechoka, ananiuliza kama kuna mtu alikuja. Nikamwambia hakuna. Usiniulize nililalaje siku ile. Nililala vizuri sana, na jambo hilo linanitisha kuliko yote.

Zikapita wiki tano. Wale watoto wenzake Hana wa baba wa Kijapani, waliobaki Katanga, walikuwa na kundi lao kwenye simu, na Hana alikuwamo. Kupitia kundi hilo mtu mmoja kule Japani alikuwa anawatafutia majina ya wazazi. Siku moja Hana akapokea ujumbe kuwa jina la baba yake limepatikana, na kwamba amefariki karibuni, lakini kuna mtoto wake wa kiume anayetaka kuwasiliana. Hana hakulia. Aliosha mikono ya wali, akaja upande wangu, akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu ili tuangalie pamoja. Hivyo ndivyo alivyonichukulia mimi.

Kaka yake alituma picha kwanza. Ni picha ya zamani iliyopigwa Katanga. Kijana wa ovaroli ya buluu, amesimama kando ya gari la mizigo. Kidevu chenye shimo.

Mguu wangu ulikanyaga pedali, cherehani ikashona hewa.

"Umeona?" Hana akasema. "Nimefanana naye."

Kisha ikaja sauti. Kaka aliandika maneno, na yule mtu wa kundi akayatafsiri: baba alipokuwa hospitali usiku wake wa mwisho alianza kuongea lugha ambayo hakuna aliyeijua. Nesi alidhani anaweweseka. Kaka alimrekodi kwa simu, na alikuwa anaomba dada yake amwambie baba alisema nini.

Hana akabonyeza. Mashine ya hospitali inalia tii, tii, kwa mbali. Halafu sauti ya mzee, imekauka, inahema kati ya maneno.

"Jambo, mama."

Kimya.

"Niko natafuta mutoto yangu. Jina yake Hana."

Kimya kirefu. Nilijua urefu wake. Nilijua kilichokuwa ndani yake.

"Kongo?" ikasema ile sauti.

Hana akasimamisha. "Anaongea na nani?" akaniuliza. "Nani kamwambia Kongo?" Akaendelea kusikiliza mpaka mwisho, mpaka lile "Mulimuchunga muzuri," na akarudia tangu mwanzo, na mara ya pili nilikuwa nimeshika nguo niliyokuwa nashona na sindano imeniingia kidoleni bila mimi kujua. Aliangalia tarehe. "Ni ile Alhamisi niliyokwenda Mwandiga," akasema. Usiku wao ni alasiri yetu.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa anajua. Lakini mzee yule alisikiliza uongo wangu kitandani pake akaniamini, akanishukuru, akafa nao. Sikuweza kuubeba peke yangu hata siku moja zaidi.

Nikamwambia Hana yote, hata habari ya maji.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Alikuwa amechoka?"

"Hapana. Alikuwa kijana, kama kwenye picha."

"Alikaa wapi?"

Nikamwonyesha kigoda. Akaenda akakikalia, mikono juu ya magoti, akakaa mpaka wenye maduka walipoanza kufunga. Wateja walikuja, akawa hawaoni. Kisha akaniuliza swali moja, bila kunitazama.

"Kwa nini?"

Nikamwambia, "Kwa sababu wako alikuwa anakutafuta."

Akalipokea jibu hilo. Sijui alilifanyia nini moyoni mwake. Alikusanya beseni na sufuria, akachukua bodaboda.

Sasa Hana anauzia wali Kibirizi, pale boti za Kongo zinapofunga. Tukikutana kwenye msiba tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za watoto. Hakumwambia mtu yeyote. Mama yangu alifariki akidhani tuligombana kwa sababu ya wateja, na watu wa Mwanga wanasema tuligombea mwanamume, nami nimewaacha waseme. Mwezi mmoja baada ya siku ile Hana alinitumia ile sauti kwenye simu yangu, peke yake, bila neno. Sikuifuta. Sihitaji kuifungua, maana ikifika alasiri, adhana ikiisha, naisikia sehemu ya kwangu, ile ambayo haikurekodiwa: sauti yangu mwenyewe, safi, haina hata wasiwasi, inasema alirudi Kongo. Nimeswali, nimesomewa, nimekunywa dawa. Bado inakuja.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukifikiwa na mtu anamuulizia yule unayemwonea kijicho, mwonyeshe alipo. Usijali amevaaje, usijali Kiswahili chake. Na kama moyo wako ni mgumu kama wangu ulivyokuwa, na huwezi kabisa kumwonyesha, basi mwambie hujui. Nimefikiria sana hilo. Ningesema sijui, angeshukuru tu, akaenda kuuliza kibaraza cha pili, akauliza cha tatu. Na Alhamisi ile Hana angemkuta bado anauliza: alishuka kwenye bodaboda na mchele wake kabla sijamaliza kushona mkono mmoja wa gauni.