Homa Huachwa Mtoni

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, nyumbani kwetu Kisangani homa ilikuwa haijaisha mpaka iachwe mtoni. Koko, bibi yangu mzaa mama, alizaliwa Yanonge kwa wavuvi, na sheria hiyo alikuja nayo. Mvulana akishapoa mwili alipewa mtumbwi na kafi, apande peke yake dhidi ya mkondo mpaka kwenye kisiwa cha mchanga, kisha arudi. Homa ingeshuka na maji ikawasumbue watu wa Basoko kule chini mtoni. Tulikuwa tukiwacheka watu wa Basoko kwa hilo, kana kwamba wao hawakuwa na watoto.

Mwaka mmoja mafua makali yalipita mtaani, yakamwangusha kaka yangu Dieudo, kijana aliyekuwa akibeba gunia la mihogo huku anapiga mluzi. Homa ilitoka, ila kifua kikabaki kinamuuma, na ndoo moja ya maji ilitosha kumketisha chini. Asubuhi ya kwenda mtoni aliwaambia Koko na mama kwamba hana nguvu. Koko hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Dieudo kuliko sisi wengine wote, wala hakuficha.

"Homa inaachwaka ku mayi, mwana," alimwambia. "Ukiikataa, itarudia kula moyo yako."

Tulisimama ukingoni tukimtazama. Alipiga kafi vizuri, kisha polepole, kisha akaliweka chini na kujishika kifua. Mtumbwi uligeuka, mkondo ukamrudisha kwetu taratibu. Wavuvi walipoudaka, Dieudo alikuwa amekwisha kufa.

Kwenye matanga wakubwa walikubaliana upesi: onyo la Koko limetimia. Hakufika mchangani, homa ikamrudia. Angejikaza kidogo tu. Toka hapo, kila nilipotegea kazi niliulizwa kama nataka kuishia kama Dieudo. Hilo sijawasamehe. Kumzika mtu ni lazima, lakini kumzika na jina la uvivu ni kumwonea, maana mfu hajitetei.

Miaka ya korona ilinikuta nikipakia mizigo uwanja wa ndege wa Bangboka. Nilichanjwa, na siku chache baadaye kifua kikaanza kuniuma. Majirani waliokuwa wakihubiri kwamba sindano ni sumu walikuja kunipa pole huku nyuso zao zinameremeta. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, alinipima akasema moyo umevimba. Hutokea kwa watu wachache baada ya chanjo ya aina ile, alisema, na virusi vyenyewe huvimbisha moyo mara nyingi zaidi, na wengi hupona. Aliniandikia vidonge, lakini amri yake kubwa ilikuwa nikae. Nisibebe kitu, nisikimbie, nisiogelee mpaka aseme yeye. Nikamsimulia habari za Dieudo. Alisema hawezi kumpima mtu aliyezikwa, ila inaelekea ulikuwa ugonjwa huo huo, maana mafua nayo huweza kuuleta, na moyo uliovimba ukilazimishwa kazi nzito unaweza kusimama ghafla.

Basi nikakaa. Miezi kadhaa nilikaa kwenye kiti uani, nikiletewa chai, nikapona. Sikushukuru kama inavyopasa. Nilikuwa na hasira, kwa sababu nilipona kwa kufanya lile lile ambalo ndugu yangu alitukanwa kwa kulitaka.

Koko alikuwa amekwisha kufa. Nilimwambia mama, siku moja alipokuwa akichambua majani ya pondu, kisamvu chetu.

"Mama, Dieudo hakukuwa muvivu. Moyo yake ilikuwa ya kuvimba. Ilifaa apumuzike."

Mama hakuinua uso. "Alors, ni sisi tulimuua," alisema.

Nilitaka kumjibu hapana, ninyi hamkujua. Na kweli hawakujua. Lakini Dieudo alijua, na asubuhi ile aliwaambia.