Bakuli la Somoe

Wajukuu zangu, na wengine wote mtakaosoma haya, acheni kwanza kutafuna. Jambo hili la chakula halisomwi mdomo umejaa. Mimi shule sikukaa. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye kisomo, nimeshazaa. Kwa hiyo msinitafutie makosa ya kalamu, tafuteni nilichosema.

Nilikuwa mwali, nimetoka unyagoni si muda mrefu, kijijini kwetu karibu na Nandagala. Ni miaka ile Wazungu walipokuwa wanafyeka msitu wa Nachingwea wapande karanga, na vijana wetu wengi wamekwenda huko kung'oa visiki. Kwetu jioni wanaume wa nyumba za jirani walikula pamoja, mkeka mmoja, barazani kwa babu yangu. Kila mwanamke alileta bakuli lake limefunikwa kawa ya ukindu. Babu ndiye aliyekuwa mkubwa wa mkeka, yeye ndiye aliyefunua, na wote wakala vya wote.

Sasa sikilizeni. Wakati wa njaa, asiye na kitu naye alileta bakuli. Tupu, limeoshwa, limefunikwa. Babu akilinyanyua alijua kwa wepesi wake, akalisogeza pembeni taratibu, hakufunua. Watu wakaendelea kula. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo kwa maneno. Tuliliona, tukanyamaza.

Jirani yetu Somoe alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa homa akamwachia baba mkwe, Mzee Chilumba, mtu asiyeona. Somoe angeweza kurudi kwao Chiola, hakurudi. Akabaki kumtunza mzee. Basi mwaka ule nguruwe wa porini wakaingia kwenye muhogo wake, wakamaliza mpaka mashina. Kila jioni alileta bakuli tupu, na kila jioni Mzee Chilumba, akitia mdomoni tonge na kisamvu cha watu, alisema, "Hiki cha mkwe wangu. Mkono wake naujua." Wanaume wakaitikia, "Kweli mzee, anajua kupika huyo." Hiyo ndiyo furaha iliyokuwa imembakia yule mzee.

Ndipo akaja kijana wa Kizungu, ametumwa na chuo cha kwao kusomea chakula chetu. Tunakula nini, kiasi gani, kwa nini mwenye mimba anakatazwa mayai, firigisi anapewa nani. Mtu analipwa mshahara aulize watu wamekula nini! Tulicheka sana. Tukamwita Bwana Mizani, maana mizani yake alikwenda nayo kila mahali. Hakuwa mtu mbaya. Kiswahili chake kilichechemea, lakini alisalimia wakubwa. Mkalimani wake alikuwa kaka yangu Hamisi, ambaye alikuwa na darasa lake la nne na kaptula iliyopigwa pasi, na kwa hivyo viwili akaanza kutuona sisi wote washamba.

Jioni moja Bwana Mizani akataka kupima mabakuli yakiwa mkekani, kabla hayajaliwa. Babu alikuwa bado kwenye sala. Mgeni akamwuliza Hamisi kama ni vibaya.

"Hakuna tabu, bwana," Hamisi akajibu. Hakumwuliza mtu.

Mimi nilikuwa pale, nimeshika maji ya kunawa. Mgeni akapima la kwetu, akapima la jirani, akafunua la Somoe. Akatazama ndani. Akalitazama tena, kama mtu anayefikiri macho yanamdanganya.

Hamisi akapiga kofi paja lake. "Loo! Babu Chilumba, leo mkwe wako amekupikia upepo! Bwana, na huo nao tuupime?"

Wakacheka wawili watatu. Si wengi, ila walitosha.

Mzee Chilumba alikuwa ameshanawa. Akageuza uso kufuata kile kicheko. "Bakuli la nani hilo?" Akauliza tena, polepole, "Na jana?" Akapangusa mkono kwenye shuka yake, akapapasa fimbo, akaondoka. Sijasahau jinsi alivyopangusa ule mkono.

Toka siku ile hakuja. Bibi, mama yake baba, alimpelekea ugali wa mtama na choroko, akarudisha. "Nimekula vya watu huku najisifu," alisema. "Inatosha." Akawa anakunywa maji tu, na Somoe analia nje, nyuma ya nyumba, asisikiwe. Tukaona mzee anakwisha.

Bibi akamwita Hamisi, na Bwana Mizani akaja nyuma yake. Hamisi akaanza kujitetea, "Bibi, nilikuwa natania. Yule si babu yangu? Babu anataniwa."

"Anataniwa akiwa ameshiba," Bibi akasema. "Mgeni alifunua kawa kwa kuwa hajui. Wewe unajua tangu unatambaa, ukafunua mdomo. Kaptula hiyo imekufunika mapaja tu."

Bwana Mizani akauliza kwa Kiswahili chake, "Bibi, kwa nini analeta bakuli tupu?"

Bibi akamtazama. "Ili mzee ale."

Nilimwona mgeni anaifunga mizani ndani ya turubai, na sikuiona tena.

Jioni ile Bibi akamwamuru Hamisi akachukue bakuli la Somoe lililobaki barazani, alibebe yeye, kichwani, apite nalo kati ya kijiji mpaka kwa mwenyewe. Kazi ya wanawake ile. Vijana wenzake wakampigia vigelegele: "Mwali kaolewa wapi?" Akapita, jasho linamtoka. Mlangoni kwa Mzee Chilumba akamkuta Bwana Mizani amesimama na sahani yake ya bati, ameifunika kwa kofia yake.

"Mzee," akasema, "sahani yangu tupu. Miezi yote mimi nakula, sileti. Naona haya kwenda peke yangu."

Mzee Chilumba akanyoosha mkono, akaupitisha chini ya kofia, akapapasa bati kavu. Kisha akasema, "Somoe, fimbo yangu iko wapi?"

Akaja, akala. Bakuli alilobeba Hamisi liliwekwa pamoja na mengine. Kama lilikuwa na kitu au halina, sijui mpaka leo, sikutazama.

Lakini nawaambieni kweli: alirudi mkekani, ila lile neno lake, "Hiki cha mkwe wangu," hakulisema tena mpaka tunamzika. Kicheko cha Hamisi kililichukua, na hata Hamisi mwenyewe, kwa majuto yake yote, hakupata pa kulirudishia.

Yule mgeni alirudi kwetu kabla ya uhuru, nimeshaolewa. Alikuwa anafundisha chuo kikuu kwao, chakula na mila za watu, na baadaye tukasikia amekuwa profesa. Alituambia alitumwa kupima njaa yetu, lakini kazi ya maisha yake imekuwa kuwafundisha vijana jinsi watu wanavyofunikiana njaa. Alikuja na mwanafunzi wake. Nilipoweka mabakuli, yule mwanafunzi akapeleka mkono kwenye kawa. Mwalimu wake akamshika kiganja, akakirudisha magotini.

Mwanangu, usome, hata chakula kisomee. Ila ujue kwamba unaweza kujua jambo la mwenzako na usiliseme. Ukiona bakuli jepesi, lisogeze pembeni, uendelee kula. Mungu akupe mkono wa kusogeza na mdomo wa kunyamaza, na siku bakuli lako likiwa tupu, akupe majirani wenye adabu.

Na nyumbani kwangu, jioni ile alipoondoka mgeni, niliwakusanya wote, mume wangu naye akisikia, nikasema: Kawa haifunuliwi mpaka wote wamekaa. Asiye na kitu alete bakuli lake. Atakayecheka, ainuke mkekani, akale peke yake.